Pilipili ya Simi-Simi

Kampala, 4 Machi 2024

Papa mpendwa,
Assalaam alaikum. Huku sijambo. Mama anaendeleaje na goti lake?

Pilipili yako imefika, na rangi yake imemfurahisha kila mtu hapa maabara. Lakini tulipoipima tukakuta masalia ya dawa ya wadudu, mengi kuliko yanayoruhusiwa. Mnunuzi ameikataa. Nimembembeleza angoje mavuno mengine, mara moja tu, maana mimi ndiye niliyekutaja kwake. Papa, mnapulizia nini shambani? Niandikie kila kitu pilipili inachokigusa, toka mtini mpaka guniani.

Binti yako,
Ramla

Kisangani, 19 Machi 2024

Mwanangu Ramla,
Alaikum salaam. Goti la mama yako linamfikisha kila penye umbea, donc, basi, ni zima. Mgonjwa ni mimi, naumwa hasira.

Dawa? Mimi? Shamba langu la hapa Simi-Simi halijaonja hata tone. Ni jirani yangu Sadrack na kabichi zake! Nilimfuata mbele za watu. Akasema, "Papa Yunus, unanisingizia bule! Dawa miye nitaitoa wapi, na sabuni tu iko shida?" Sikumsikiliza. Sasa hatusalimiani. Habari imefika soko la Makiso, nikipita wanacheka: "Pilipili ya sumu ile inapita!" Sikanyagi tena kule mpaka jina langu lisafike.

Umeuliza inagusa nini. Usafi mtupu! Tunachuma kwa mikono iliyonawa, tunaosha kwa maji ya kisima, tunaanika juu ya meza za mianzi. Hata nzi hawasogei, maana mama yako ametandika vyandarua vya mbu vipya, vile tulivyogawiwa bure, bado vinanukia upya.

Papa yako,
Yunus

Kampala, 2 Aprili 2024

Papa,
Salamu ninazo deni, nisamehe. Nzi hawasogei kwa sababu vyandarua vile vinatoka kiwandani na dawa ndani yake! Ndiyo inayoua mbu, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoikuta kwenye pilipili. Viondoeni leo. Anikeni juu ya mikeka. Na kuhusu Sadrack, unajua la kufanya.

Ramla wako

Kisangani, 11 Julai 2024

Mwanangu,
Assalaam alaikum. Tu wazima, na tunalala vizuri, utajua kwa nini.

Barua yako ilinikalisha chini. Aibu ilinishika, sikufichi. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta: "Ee Yunus! Pilipili ndiyo ilikuwa inalalia chandarua, na siye mbu wanatukula!" Sasa vyandarua viko juu ya vitanda.

Kwa Sadrack nilikwenda na jogoo wangu mkubwa. Alinitazama, nikatazama miguu yangu. Mwishowe akasema, "Bon, papa, ingia. Lakini jogoo bila pilipili tutamukula namna gani?" Tukala pamoja. Watu wa kwao Yanonge ni mafundi wa mikeka, naye ndiye aliyesuka ile tuliyoanikia mavuno mapya. Mfuko wa kupima umeondoka na lori linalopitia Bafwasende kuja huko kwenu. Roho yangu iko mkononi.

Papa yako

Kampala, 6 Agosti 2024

Papa na Mama,
Assalaam alaikum! Mko wazima? Mimi nimecheka na nimelia. Tumepima, tukarudia kupima, maana sikuamini macho yangu. Safi! Dawa hakuna hata chembe. Mnunuzi anataka magunia yote. Aliuliza mkulima huyu ni nani, nikajibu kifua mbele: ni baba yangu.

Binti yenu,
Ramla

Kisangani, 30 Agosti 2024

Ramla, mwanangu,
Alaikum salaam. Leo hata goti la mama yako linacheza.

Jana, lori lilipokwisha kuondoka na magunia, nilivaa kanzu nyeupe. Mimi na Sadrack tukapanda toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, kila mtu yake, mpaka soko la Makiso. Nikapita pale pale. Waliocheka walikuwepo wote. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa Yunus, pilipili yako iko?"

"Iko, mama," nikamjibu, na soko lote lisikie. "Lakini iko njiani, inaenda Kampala."

Papa yako,
Yunus