Siku Saba za Baba Zuhura

Jumatano, 7 Oktoba 1998
Korosho tangu asubuhi. Mgongo hauna hali. Nyuradi zangu nimezisoma hukohuko mikoroshoni, ndoo mkononi. Mume wangu, Baba Zuhura, siku hizi hakosei kwenye dhikri. Nilimfundisha mwenyewe, mstari kwa mstari.

Ijumaa, 9 Oktoba
Miaka ishirini naomba kuingia khalwa. Siku saba peke yangu, nifunge, nimtaje Mungu, basi. Kila mara sheikh wetu wa tarika ananiambia ningoje damu ikome, itanikatiza. Imekoma, mwaka wa pili sasa. Nimekwenda hadi Ruangwa kumwambia, uso chini kwa haya. Kumbe imebaki ruhusa ya mume. Subira huvuta heri, kasema. Yangu imevuta mvi.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimemwomba mume wangu. "Korosho ataokota nani?" Basi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Sheikh amekuja kwetu Nambambo kwa dhikri. Kamsikia Baba Zuhura akisoma, kampenda. Kesho anamwingiza khalwa, chumba cha nyuma ya msikiti. Mtu mmoja kauliza, na korosho? Baba Zuhura akajibu, "Mke wangu yupo." Nilikuwa nyuma ya pazia, napakua wali wao. Nina hasira.

Jumanne, 20 Oktoba
Uji wake wa kufuturu napeleka mimi. Nabisha, naweka mlangoni, narudi. Leo nimemsikia anakoroma. Nilisimama pale mpaka uji ukapoa. Nikisema wataniita mwenye wivu. Na wivu ninao.

Ijumaa, 23 Oktoba
Ametoka. Kanzu nyeupe, wanaume wanambusu mkono. Nyumbani nimemuuliza kaona nini. "Nimelala sana, Mama Zuhura. Usimwambie mtu." Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Si mtu mbaya. Nimelia jikoni.

Nimemwomba tena ruhusa. Kasema mwakani, tuone.

Jumatatu, 26 Oktoba
Mvua kidogo. Jirani yangu Mama Hadija kaja na mtoto, homa, anataka dua. Nikamwambia mlete nimsomee. "Hapana, dada. Niitie yeye." Nikamwita. Baba Zuhura akamwekea mtoto mkono kichwani, akaanza. Katikati akakwama. Nikamtajia kwa sauti ndogo, akaendelea hadi mwisho. Mtoto akapata usingizi. Mama Hadija akamshukuru Baba Zuhura, akaondoka.