Mbegu ya Bibi Ilipikwa Msibani

Mafiga,
Morogoro.
2 Machi 2025.

Mpendwa mwanangu Jesca,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hujambo? Baridi ya huko Uholanzi imepungua, au bado unalala na koti? Na unakula lakini? Sisi wazima, ila joto, mwanangu! Hata kule Matombo mlimani watu wanajipepea kwa khanga.

Bibi yako tumemfanyia arobaini yake vizuri. Hukuweza kuja kumzika, basi usijitese. Alikuombea mpaka mwisho.

Maharage ya vuli yametuangusha. Ile mbegu mpya ya dukani haikupata ugonjwa wa kutu hata jani moja, tukashangilia. Joto lilipopanda, maua yakapukutika yote. Nikakumbuka ulivyonieleza kwenye simu, kwamba vinasaba vinavyoulinda mmea na magonjwa mara nyingi huvutana na vile vya kuvumilia joto. Ukiimarisha huku, kule kunalegea. Nikakujibu, mshika mbili moja humponyoka. Ukacheka, ukasema maharage ya bibi yameshika zote mbili na hakuna ajuaye kwa nini, ndiyo maana unayataka uyachunguze.

Sasa Jesca, kaa chini. Maharage yale hayapo tena.

Wiki iliyopita mjomba wako Petro alipanda darini, juu ya jiko la bibi, akuchukulie mbegu. Akakuta kibuyu kitupu. Unajua desturi yetu: wafiwa tunakaa mkekani, jiko linashikwa na majirani, na mfiwa haulizi kinachopikwa. Msibani watu walijaa, gunia la maharage likaisha. Mwanvita, yule jirani wa bondeni, akaona aibu wageni waondoke na njaa, akapanda darini. "Yalikuwa na majivu," ameniambia, "tukayaosha vizuri, tukayaunga kwa nazi." Masikini, hakujua majivu yale ni ya kuzuia wadudu, na kwamba ile ndiyo mbegu yote. Nilipomweleza alilia kuliko siku ya mazishi. Nimlaumu vipi mtu aliyetusitiri?

Tumeuliza nyumba kwa nyumba. Petro amefika mpaka Kisaki. Kila mtu anapanda ya dukani, ile ya bibi walishaiacha zamani. Naumia, Jesca. Tulikuwa na kitu ndani, tukakiona cha kawaida tu.

Petro anakusalimu. Mwanvita anaomba umsamehe. Mama yako anakusalimu sana; bado sijamwambia kuwa mbegu ndiyo iliyopikwa. Nilikueleza alivyogoma kula tangu bibi afariki, hata uji tukimbembeleza. Siku ile yalipopikwa maharage ya Mwanvita ndipo alipokula kwa mara ya kwanza. Alionja, akaniangalia, akasema, "Ana, haya ni ya mama." Nikadhani ni majonzi yanasema. Nikamwambia, "Kula, dada." Akala, akamaliza sahani.

Mungu akutunze huko uliko, mwanangu.

Mimi mama yako mdogo, nikupendaye daima,
Anastasia