Chumba cha Sita, Matumizi: Mama

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya manispaa imefika kanisani. Mkaguzi anakuja Ijumaa! Jengo likiwa la ibada tu, linasamehewa kodi. Akikuta chumba hata kimoja cha kuishi, msamaha unafutwa na anayeishi humo anatolewa.

Chumba hicho kipo, kule nyuma. Humo anaishi mama yangu mzazi. Nyumba yake ilibomolewa kupisha barabara, na kwa dada tumeshabanana watu tisa.

Na fomu ya manispaa nilijaza mimi mwenyewe, katibu wa kanisa! Namba ya chumba, matumizi. Sita — Mama. Nikagonga muhuri, nikapeleka. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Jumanne, 5 Machi
Kikao cha dharura. Mchungaji hakunifokea, kanishika bega tu. Afadhali angefoka.

Mzee wa kanisa tunayemwita Rula, kwa kupenda kanuni, katoa wazo: kila chumba kiwe na ibada. Stoo, kwaya. Jikoni, zaburi. Nikauliza, na choo je? Kajibu bila hata kutabasamu: toba. Limepita kwa kura zote! Chumba cha Mama ni cha maombi ya mfululizo, naye ndiye mwombaji wa zamu. Zamu ya kudumu.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi. Nimemwambia Mama mkaguzi akiingia apige magoti, aombe tu, asizungumze na mtu. Kasema tangu azaliwe hajaomba kwa amri ya manispaa.

Rula kakifunika kitanda chake kwa kitambaa cha madhabahu. Sasa Mama anaogopa kukipanda, analala sakafuni! Nimeenda kulia jikoni. Wa zamu ya zaburi wakadhani nimeguswa, wakaitikia amina.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nimesimama mlangoni kwa Mama.

Mkaguzi kaja na futi yake. Kapima stoo, kwaya ikimwimbia sikioni. Kapima jiko. Kabisha hodi chooni, fundi bomba wetu, wa zamu ya toba, katoka anafuta machozi — toba au dawa ya kusafishia, Mungu ndiye ajuaye. Kote kaandika: ibada. Kote!

Chumba cha sita. Mama yuko magotini, anaomba. Mkaguzi kavua kofia. Kanong'ona kwamba hawezi kumkatiza, atapima na kuandika akishasema amina.

Saa nzima sasa. Mama hamalizi! Kaombea wagonjwa, wajane, majirani, barabara iliyopita juu ya jiko lake. Mkaguzi miguu imemchosha, naye kapiga magoti pembeni yake. Macho kafumba.

Mama kamwekea mkono kichwani. Hili hatukulifanyia mazoezi.

“Na huyu mwanangu, Bwana, mlainishe moyo. Asinitoe humu. Sina pa kwenda.”

Rula kajishika kichwa. Mkaguzi kafumbua macho, anakitazama kitanda. Mkono wa Mama uko palepale, na amina bado hajaisema.