Bahasha ya Orrin

Jumamosi, 29 Oktoba

Mume wangu Orrin tumemzika jana. Jikoni kumejaa vyakula vya watu wa kanisani, mimi siwezi kula. Mezani kwake, nilikoiacha nilipotoka hospitali, nimeikuta bahasha yake ya kura ya posta, ile ya kujaza kabla ya siku ya uchaguzi. Aliijaza hospitali Jumatatu, siku moja kabla ya kufa. Alisaini mwenyewe, akaniapisha niifikishe. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la kura lililo nje ya maktaba, pamoja na yangu. Roho imetulia kidogo.

Ila nyuma yangu kaja jamaa na bahasha tatu. Tatu! Namba ya gari lake nimeiandika.

Jumanne, 8 Novemba

Siku yenyewe ya uchaguzi. Tangu asubuhi niko ukumbi wa zimamoto, kituo chetu cha kura, beji ya mwangalizi wa chama kifuani. Mashine ya kura imekwama mara mbili. Fundi akatokea na bisibisi — kaitwa na nani? Verna, karani wa wilaya anayesimamia uchaguzi, anasema karatasi zimelowa mvua tu. Haya. Nimeandika na hilo.

Nimesoma na Verna tangu darasa la kwanza. Ndiye aliyenishika mkono makaburini. Lakini namwangalia. Siku hizi simwamini mtu. Wakubwa wa Washington, wa chama hiki na kile, lao moja: wanatukumbuka wakitaka kura, kisha kimya miaka minne.

Alhamisi, 10 Novemba

Mgombea wetu wa udiwani kaanguka kwa kura mbili. Mbili! Boyd, mwenyekiti wa chama chetu hapa, anaapa kwamba wafu wamepiga kura. Tumeandika malalamiko, jina langu ndilo la juu: wapiga kura wote walinganishwe na orodha ya vifo, na akipatikana mfu hata mmoja, Verna ajiuzulu. Boyd kanisifu sana.

Jumatatu, 14 Novemba

Verna kaja na pai ya tufaha. Hakuvua koti. Anasema watu wanampigia simu za matusi, binti yake anamsihi aache kazi. Miaka ishirini na mbili ofisini, hajawahi kuzomewa dukani. Kisha akateremsha sauti.

"Lorene, mwenzangu, yafute hayo malalamiko. Kwa ajili yako, si yangu."

Kwa ajili yangu! Nimemuuliza anaficha nini. Akaiweka pai mezani, akaondoka.

Pai sijaigusa. Nimempigia Boyd, nimemwambia Verna ameanza kuogopa.

Alhamisi, 17 Novemba

Naandika hapa hapa kwenye kikao cha kusikiliza malalamiko yetu, safu ya pili. Watu wamefurika hadi kwenye ngazi. Verna kasoma alichokipata. Yule jamaa wa bahasha tatu: yake, ya mkewe na ya mama mkwe wake. Wote wazima, na sheria yetu inaruhusu mtu kupeleka kura za familia yake.

Mfu aliyehesabiwa kura — mmoja. Saini ni yake kweli. Lakini bahasha iliingia sanduku la maktaba siku nne baada ya kifo, na taarifa ya kifo ilichelewa kufika ofisini. Kura ya aliyekufa kabla ya siku ya uchaguzi hapa haihesabiwi.

Siku nne. Jumanne hadi Jumamosi.

Mungu wangu. Ya Orrin. Mimi.

Boyd kasimama, anataka jina. Verna anasema hatalitaja, nyumba hiyo ina msiba, na kosa la ofisi ni lake yeye. Wanamzomea. Mtu wa nyuma anamwita mwizi. Barua ya kujiuzulu iko mbele yake, kalamu juu yake. Nataka kulia, naona haya hata kulia. Hajanitazama hata mara moja.

Mwenyekiti wa kikao anauliza kama kuna mwenye neno kabla karani hajasaini. Boyd ananiegemea. "Simama wewe, Lorene. Wewe umefiwa, watakusikiliza."

Nimemwambia angoje, namalizia kuandika. Verna ameishika kalamu. Naacha kuandika, nasimama.