Jumamosi, Saa Sita, Mlango Wazi

Mtaa wa Herradores 14,
Montalejo, Kordoba.
23 Novemba, 2005.

Mpendwa dada Consolación,

Kabla ya yote, niambie habari za mgongo wako. Osvaldo alinieleza kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi upandeupande kama kaa, na kwamba daktari amekukataza kubeba wajukuu. Najua hukumsikiliza. Natumaini joto la huko kwenu Rosario litaulegeza mgongo huo, na kwamba Osvaldo, watoto na hao wajukuu mnaobebana nao wote ni wazima. Hapa baridi imeingia. Tumeshaweka makaa chini ya meza ya sebuleni, na mama haondoki hapo isipokuwa kwenda misa.

Mama ni mzima. Masikio yamepungua, ulimi uko palepale. Anakusalimu na anauliza kama ile blauzi ya sufi ilifika.

Mizeituni ya baba imezaa kiasi. Mvua ilichelewa na punje ni ndogo, lakini wa kinuni wanasema mafuta yatakuwa mazuri. Tutaanza kuvuna wiki ya kwanza ya Desemba.

Sasa habari yenyewe. Mimi na Higinio tutafunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba, saa sita mchana, katika ukumbi mkubwa wa halmashauri. Higinio unamjua: ni yule daktari wa mifugo ambaye katika barua zako za zamani ulikuwa ukimwita "mpangaji", ili tarishi asipate la kusimulia. Mpangaji huyo ameishi nami miaka ishirini na miwili.

Sheria inaruhusu wanaume wawili kuoana tangu Julai. Unajua pia kwamba chama changu kiliipinga bungeni na sasa kimeipeleka mahakamani. Na mimi mwenyewe, katika safu yangu ya Jumapili, niliandika kwamba serikali ilikuwa na haraka na haikuwapa watu nafasi ya kulizoea jambo. Sijayafuta maneno hayo. Sheria ilikuja kwa haraka, lakini imekuja, nami nina miaka hamsini na minane.

Faili letu lilipita kwa hakimu bila swali. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kutufungisha. Mjini kwetu anafungisha meya, au diwani atakayekabidhiwa na meya. Meya ni Reyes Camacho, wa chama changu. Tangu nistaafu gazetini mimi ndiye katibu wa tawi, na katika chaguzi mbili nimezunguka na Reyes nyumba kwa nyumba, yeye mbele, mimi nyuma na vipeperushi. Nilitaka anifungishe yeye. Sikudhani ni ombi kubwa.

Wa kwanza kujitokeza akawa Curro, diwani wa Wasoshalisti, yule mtoto wa fundi viatu. Alinikuta baa, akanishika bega kama tumezaliwa pamoja.

"Leandro, mzee wangu, nimesikia. Hongera! Mimi nakufungisha hata kesho. Naita televisheni ya Sevilla, naweka bendera ya rangi zote pale barazani, mji mzima unalia."

"Ndiyo maana sikutaki," nikamwambia.

"Yaani unangoja wale? Wale wamekwenda mahakamani kukuzuia! Unawang'arishia viatu, wanakupiga navyo."

"Ni viatu vya ukoo, Curro. Nimevizoea."

Alicheka, akanilipia kahawa, akasema mlango wake uko wazi nikichoka kudhalilika. Hakuwa na ubaya. Ila kwake mimi ningekuwa bango, na bango hubanduliwa uchaguzi ukiisha.

Reyes naye alinipokea ofisini kwake na kufunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa ameshapata wazo. Alhamisi asubuhi, saa tatu, katika chumba cha nyuma kule wanakotunza mafaili ya maji. Yeye, sisi wawili, mashahidi, basi. Bila maua, bila watu, bila neno kwa magazeti.

"Itakuwa halali sawasawa," akasema. "Karatasi ni ileile."

"Reyes, siji kuchukua leseni ya mbwa."

"Usinifanyie hivyo."

"Watu wa mji huu wanaoana Jumamosi saa sita, ukumbi mkubwa, mlango wazi. Wewe mwenyewe umewafungisha humo hata wasiosalimiana na padri. Nataka hicho hicho. Zaidi sitaki, pungufu sitaki."

Akasema atafikiria. Nikamwambia nitangoja, na kwamba nisipofungishwa na yeye, sifungishwi na mtu. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Alinijua vya kutosha kutouliza kama natania.

Kuna jambo ambalo nadhani umeshalisikia kwa mama, lakini afadhali ulisikie kutoka kwangu. Sitaivika tena nguo sanamu ya Mama wa Mateso kule kanisani. Mwezi huu wa marehemu nilimvika nyeusi kama kila mwaka, nikaipanga shela usoni pake pini kwa pini, na wale akina mama wanaotunza nguo zake wakanisifu. Juma lililofuata don Anselmo, mkuu wa udugu wetu wa waumini wanaoitunza sanamu, alinisubiri nje ya kanisa akiwa na kofia mkononi.

"Leandro, hakuna mwenye mkono kama wako. Kila mtu anajua ulivyo, na tangu lini tumekusumbua?"

"Hamjawahi."

"Kwa hiyo kaa ulivyo, mwanangu. Nyumbani kwako ni kwako. Lakini ukienda kutia sahihi mbele ya watu, mikono yangu imefungwa. Kanuni zinasema."

Nilimuuliza kanuni zinasema nini juu ya yule mweka hazina anayeishi na mke wa mtu kule Palma. Akavaa kofia yake. Nikamkabidhi kisanduku cha pini palepale, kwa kuwa kilikuwa mali ya udugu. Tarehe nane Desemba, sikukuu ya Bikira, mtu mwingine atamvika buluu. Mimi nitakuwa kwenye benchi na mshumaa wangu kama ndugu wengine. Kanuni hazijanitoa kwenye benchi. Iliniuma, na bado inauma, lakini sitaki unionee huruma. Nilijua gharama kabla ya kutia sahihi.

Lililonishangaza ni rangi. Juma lililopita tuliamka tukakuta lango limeandikwa MSALITI kwa rangi nyekundu. Si watu wa chama changu. Hao hupiga simu, husema "shoga" na kukata. Higinio alisema angalau upande wa Curro wanajua kuandika. Akaenda dukani kununua rangi ya kijani.

Ulipokuja Pasaka iliyopita uliniuliza, tukiwa jikoni, ninawezaje kukaa na watu wasionitaka. Sikukujibu kwa sababu Osvaldo aliingia na mkate. Nakujibu sasa. Niko upande huu kwa sababu naamini mtu anapaswa kutunza alichokabidhiwa: shamba, kanisa, jina la nyumba, neno alilotoa. Sikuyapata haya kwenye mkutano wa chama. Niliyapata mezani kwa baba, nawe ulikuwa umekaa ubavuni mwangu, ingawa wewe uliondoka na mengine. Kumpenda Higinio hakujayaondoa. Kinyume chake, nataka kuoa kwa sababu ya hayohayo. Kwangu ndoa si uasi. Ni kufunga mlango jioni ukijua nani yuko ndani, na mji pia ukijua.

Wa upande wa Curro wananikaribisha, mradi niache nusu yangu nje. Wangu nao wananikaribisha, mradi niache ile nusu nyingine. Kama kugombana hakuepukiki, nitagombana na watu wangu. Najua wewe na Osvaldo hamtakubaliana na mimi, na Osvaldo ataandika kurasa nne. Mwambie nazisubiri.

Jumapili baada ya misa Reyes alikuja hapa nyumbani. Aliketi mezani, akaweka miguu kwenye joto la makaa karibu na mama, na hakulivua koti.

"Makao makuu wamenipigia tena," akasema. "Wanataka nimkabidhi Curro kazi hiyo, halafu siku yenyewe niende Malaga kwa dada yangu. Wanasema hivyo aibu itakuwa ya Wasoshalisti."

"Aibu," Higinio akasema, akimmiminia kahawa. "Sukari?"

"Usinitanie, Higinio. Nikiwafungisha, uchaguzi ujao hawaniweki kwenye orodha."

"Inawezekana," nikasema.

"Ndiyo jibu lako? Inawezekana?"

"Unataka nikudanganye?"

"Nataka uwe na akili! Mumeo huyu ni mkaidi kama punda wa kinu," akamwambia Higinio, kisha akainamia kikombe chake, kwa sababu neno "mumeo" lilikuwa limemtoka bila kukusudia.

"Nani punda?" mama akauliza.

"Mwanao, mama," Reyes akajibu.

"Huyo tangu tumboni. Kunywa kahawa."

Nikamwambia Reyes yale niliyokuwa nimeyapanga tangu ofisini. "Sikuombi uipende sheria. Mimi mwenyewe nina maneno nayo. Lakini sisi ndio tunaopanda jukwaani kila uchaguzi kusema sheria hufuatwa hata na asiyeipenda. Tuliwaambia hivyo waliovamia mashamba. Tuliwaambia wachuuzi wa soko. Kama yale yalikuwa ya kuwaambia wengine tu, nieleze leo, nikurudishie kadi na mhuri wa tawi hapahapa mezani."

Reyes alizungusha kijiko ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Mimi jambo moja silielewi," mama akasema. Sote tukamgeukia. Mama ana miaka themanini na saba na katika miaka ishirini na miwili hajawahi kutamka lolote juu ya suala hili, isipokuwa kumwekea Higinio sahani. "Nani anaoa wakati wa Majilio? Kanisani zambarau, kwaya haiimbi, maua hakuna. Mngesubiri Januari kama watu waliolelewa."

Reyes alicheka mpaka akaiweka kahawa chini. Kisha akajifuta macho, akasimama, akambusu mama, akaondoka. Mlangoni alisema neno moja tu: "Nitaona."

Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na moja, na najua "nitaona" ya mwanasiasa ina maana gani. Nilikaa siku mbili nikijiandaa kubaki bila kuoa. Higinio alikubali. Alisema kama si Desemba itakuwa mwakani, na kama si mwakani tutazidi kuzeeka huku tumesimama mlangoni pao, mpaka waone haya.

Jana asubuhi katibu wa halmashauri alibandika matangazo ya mwezi ujao ubaoni. Nilikwenda kusoma kwa macho yangu; habari ya kuambiwa sichapishi. Kati ya tangazo la ushuru wa taka na lile la ndoa ya binti wa mwokaji, tumo. Leandro Rosales na Higinio Barea. Tarehe 17, saa sita, ukumbi mkubwa. Atafungisha: Meya. Na chini yake, sahihi ya Reyes.

Mkutano wa tawi ni Jumatatu. Kuna wanaotaka nijiuzulu ukatibu, na wawili wanataka kadi yangu. Nitaufungua mkutano mimi mwenyewe, kwa sababu bado ni kazi yangu, na nitasoma ajenda yote pamoja na kipengele kinachonihusu. Wakishinda, nitakabidhi mhuri. Uanachama sitauacha kwa hiari. Wakitaka nitoke, waninyanyue na kiti.

Ninalokuomba ni hili. Mashahidi ni wawili. Wa Higinio ni dada yake. Wa kwangu nimeandika jina lako. Sikuuliza kwanza kwa kuwa najua ungesema mgongo. Kama daktari amekukataza kweli kupanda ndege, nipigie simu mapema na mama atasimama badala yako, ingawa ameshatangaza kwamba atavaa nyeusi kwa heshima ya Majilio. Kama hakukukataza, chumba chako kimepigwa rangi. Ni ya kijani, ilibaki ile ya lango.

Jana jioni Reyes alipiga simu. Hakutaja makao makuu, wala orodha, wala mkutano wa Jumatatu. Alisema anataka kujaribu vile vifungu vya sheria ambavyo meya huwasomea maharusi, asije akababaika mbele ya watu. Nikamwambia asome. Alikuwa na ile karatasi yake ya zamani yenye plastiki, aliyoisomea miaka yote, nikamsikia akianza kwa sauti yake ya ukumbini: "Mume na mke wana haki na wajibu sawa." Akatukana, tusi la shambani ambalo sitaliandika. Nikasikia droo inafunguliwa, karatasi zinapekuliwa, kisha akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe: wanandoa wana haki na wajibu sawa, wanandoa wanapaswa kuheshimiana na kusaidiana, wanandoa watakaa pamoja na kutunza uaminifu.

"Imekaaje?" akauliza.

"Sauti juu kidogo," nikamwambia. "Mlango utakuwa wazi, na wa nje nao wasikie."

Akasoma tena.

Nisalimie Osvaldo na siasa zake. Nisalimie Graciela na mumewe, na mwambie Hernán ajibu barua za mjomba wake. Wabusu wajukuu wakiwa wamekaa chini, usiwanyanyue. Higinio anakusalimu, mama anakuombea kila asubuhi kwenye benchi lile lile la baba. Mungu awalinde nyote huko ng'ambo, na akutie nguvu mgongoni hadi tarehe 17.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Leandro