Maji Safi ya Jumapili

Lubarika, Bonde la Ruzizi
Kupitia Uvira
Tarehe 4 Mei 1959

Mpendwa mdogo wangu Jean-Berchmans,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Na lile blanketi jekundu la Mama unajifunika, au umelitundika ukutani wageni walione? Nakujua.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yetu Kankindi anaumwa magoti tu, na hayo hayakuanza leo. Pamba imeanza kupasuka. Mbuzi mweupe uliyemwacha mdogo amezaa mapacha. Binti yangu Émérance amemaliza katekismu, na atapokea Komunyo ya kwanza siku ya Pentekoste, tarehe 17 mwezi huu. Kila jioni anavaa viatu vyake vipya, vinambana, naye anaapa kwamba havimbani.

Salamu zimekwisha, sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu siku ya kazi. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa mto.

Tangu mlipoanza kufunga na kufungua maji huko juu kwenye barrage, ule ukuta wa kuzuia maji, Ruzizi si ule tuliokulia. Zamani, mvua ikiwa haijaisha, nani angethubutu kuingia? Siku hizi kila Jumapili maji yanashuka hadi mawe ya katikati yanatoka nje, na samaki wanabaki kwenye madimbwi. Wewe uliniandikia sababu, kwamba viwanda vinapumzika na umeme hautakiwi mwingi. Lakini katekista wetu Pontien aliwaambia watu kwamba hata mto umejifunza kutunza siku ya Bwana. Watu walicheka, kisha wakaamini. Sasa misa ikiisha tu, kijiji kizima kinateremka mtoni na vikapu.

Aliyefurahi kuliko wote ni shemeji yako Libérat. Unakumbuka kabla hatujaoana alimbebea mizigo mzungu mmoja wa kahawa, aliyekuwa akivua katika vijito vya baridi kule milimani. Huyo ndiye aliyemfundisha kufunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye ndoano, samaki aone mdudu. Miaka yote fimbo yake ya kuvulia ilikaa darini bila kazi, kwa sababu Ruzizi ulikuwa na matope na samaki haoni unyoya kwenye matope. Sasa Jumapili maji ni machache na meupe, na Libérat anasimama katikati ya mto, maji mapajani, anarusha uzi wake kama mtoto aliyepewa filimbi. Jogoo wangu wawili wamebaki shingo tupu. Sikatai, samaki tumekula.

Wazee walitufundisha kwamba mto ukitaka kujaa, kwanza unachafuka. Unakuwa mwekundu, unaleta majani na magogo, unapiga kelele. Maji yakiwa safi, kaa bila hofu. Libérat anaishi kwa kanuni hiyo, na mimi niliishi nayo hadi jana.

Jana tulikuwa kwenye jiwe lile kubwa la katikati, ulipovunjia jino. Libérat alikuwa mbele yetu na fimbo yake. Émérance alikuwa kwenye dimbwi nyuma yangu, anashika kambale wadogo kwa kikapu. Jirani yetu mzee Ildephonse alikuwa chini kidogo. Jua lilikuwa utosini, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Nilisikia baridi kwenye vidole vya miguu. Nikatazama, nikaona maji yamepanda juu ya jiwe, na ni safi, Jean-Berchmans, safi ya kunywa. Hayakuleta jani wala kelele. Nikamwita Libérat. Akageuka, akatazama maji, akaniambia ni safi, nisiogope, akarusha tena.

Nilipogeuka, kikapu cha Émérance kilikuwa kinaelea peke yake.

Yeye alikuwa ameshikilia matete, maji kidevuni, wala hakulia. Nilimfikia sijui kwa miguu au kwa magoti. Libérat alitupa fimbo, akatushika wote wawili, tukatoka upande wa Burundi kwa sababu upande wetu haukuwa na njia tena. Ildephonse alibebwa hadi kwenye kona ya mwanzi, akavutwa kwa kamba ya mbuzi. Leo anakohoa na hataki kuzungumza na mtu. Tulikaa ng'ambo hadi tulipopata mtumbwi.

Nilidhani watu wamepata fundisho. Kumbe! Jioni Pontien alikuja nyumbani kutupa pole, na kabla hajaondoka walikuwa wameshapanga na Libérat uvuvi wa Pentekoste. Baada ya misa, watoto wote wa Komunyo, wazazi wao na wageni kutoka Runingu watashuka mtoni kutafuta samaki wa karamu. Nikasema mtoto wangu hataingia tena. Libérat akanicheka kwa upole, na alilosema ndilo limeninyima usingizi:

"Weye Bernardine, iko nini ya kuogopa? Ndugu yako njo anashika mayi kule juu. Ile ya leo ilimuponyoka tu. Siku ya Pentekoste anajua tuko ndani. Atatuua sisi?"

Na Pontien akaitikia kwa kichwa.

Unaona ulichofanya? Mwaka Mpya ulituandikia: "Minye njo nafungua mayi, minye njo nafunga. Mayi yote ya Ruzizi iko mu mukono yangu." Mama aliomba barua isomwe kanisani, Pontien akaisoma baada ya matangazo, na watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Tangu siku hiyo hawasemi barrage, wanasema maji ya Jean-Berchmans. Hawaogopi kwa sababu mtoto wao ndiye aliyeshika gurudumu la kufungulia maji.

Lakini mimi nimekulea, na najua unapotia chumvi. Uliponitembelea wakati wa Pasaka niliuliza, ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba simu inalia, mzungu anasema fungua, nawe unafungua. Huulizi ni Jumapili au Jumatatu. Ulisema pia kwamba maji mnayoyaachia jioni hutufikia kesho yake. Basi maji ya jana ulikuwa umeshayaachia Jumamosi, nikiwa napiga pasi gauni la Émérance, nawe hukujua, nami sikujua. Yangemchukua, ungekuwa mkono wako, na ungekula chakula chako cha jioni kwa amani.

Sikulaumu. Kazi ni kazi, na mshahara wako umeezeka nyumba ya Mama. Wala sikuombi ufunge maji siku hiyo, najua huwezi. Nakuomba kitu kigumu zaidi kwa mtu kama wewe. Andika barua nyingine, kwa mkono wako, useme kwamba maji hayako mkononi mwako. Useme wewe ni mtu wa kuzungusha gurudumu anapoambiwa. Useme yanaweza kuja Jumapili, yanaweza kuja siku ya Pentekoste, na yatakuja safi. Mimi nimekwisha sema, wananiona mwanamke aliyeshtuka. Wewe watakusikiliza.

Najua utaona aibu. Mama atalia kidogo. Watu waliokupigia makofi watakaa kimya, na wengine watacheka. Nitakaa nao benchi moja nikiwatazama usoni.

Dereva Hyacinthe anapita Jumatano na lori, barua hii utaipata Alhamisi. Anarudi huku Ijumaa ya tarehe 15. Mpe barua mkononi, usiitie posta, posta haina haraka na maji yana haraka.

Mama anakubariki na anasema ule vizuri. Libérat anakusalimu, tayari anafunga manyoya mapya. Agnès wa shangazi na mzee Ildephonse wanakusalimu pia, ingawa Ildephonse amenisalimia kwa mkono tu. Émérance anakuuliza kama utakuja kwenye Komunyo yake. Bikira Maria akufunike, na Mungu aulinde mkono wako usije ukatenda usilolijua.

Barua yako isipofika, watashuka, na Libérat atamchukua mtoto. Sitabaki ukingoni nikitazama. Nitaingia nao, nimshike mkono kama nilivyokushika wewe tukivuka pale pale, ulipokuwa mdogo na maji yakiwa bado ya Mungu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Bernardine Inamahoro