Nazi Ndiyo Ije

Somo yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Hata huko uliko ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyonirudisha siku mama aliponileta kwako nikiwa mwali mwenye maneno mengi. Nakuandikia nikiwa chumbani kwa mama, hapa hapa Mchinga. Mtoto amelala. Ndiyo, mtoto. Nimejifungua, Somo, na nimejifungua salama, na nina mengi ya kukuambia kabla hajaamka, maana akiamka hana subira hata kidogo. Hiyo tabia kaitoa wapi, tutaulizana.

Uliondoka tumbo langu bado halijaonekana. Wewe ndiye niliyekuambia kwanza, kabla ya mume wangu, na wewe ukacheka ukasema ulishaniona tangu nilipoanza kuchukia harufu ya samaki wa kukaanga. Nikakuuliza mambo ya kuzaa. Ukanijibu vile vile ulivyonijibu miaka yote: "Hayo bado. Tumbo likikua utakuja, nitakuambia." Uliamini mtu akiambiwa mapema anasahau. Kisha presha ikakuchukua ghafla, watu wakiwa bado hawajanywa chai, na mimi nikabaki na tumbo langu na nusu ya mafunzo. Nisikufiche, nilikukasirikia. Nililia msibani kama wenzangu, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyu mwanamke kaondoka na haki yangu.

Maana unajua ilivyo kwetu. Mama mzazi hamfundishi bintiye mambo ya mwili. Kazi hiyo ni ya somo, tangu siku msichana anapovunja ungo mpaka anapopata mtoto wa kwanza. Mama yangu ananipenda, hilo halina ubishi. Miguu ilipovimba aliikanda kila jioni. Lakini nikimuuliza uchungu unaanzaje, anakumbuka kwamba ana nguo za kuanua. Nikimuuliza tena, anakwenda kuzianua hata kama hakuzifua. Nilikuwa namwonea huruma, naye alikuwa ananionea huruma, na hakuna kati yetu aliyejua pa kuanzia.

Sasa sikiliza kituko. Siku moja mama alipita zahanati kuchukua dawa zake, na nesi mpya, binti wa Singida aliyehamia juzi juzi, akamwambia, "Mama, wiki ijayo mlete binti yako, kuna somo la wajawazito wa mimba ya kwanza." Mama alirudi nyumbani anang'aa. Kwa mama neno somo lina maana moja tu duniani. Aliniambia serikali imeona taabu yetu, imeniletea somo mwingine. Nikamweleza kwamba ni darasa. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma msomi, akafungua sanduku lake akatoa doti ya kanga mpya, maana somo hapokelewi mikono mitupu.

Siku ilipofika tukaenda. Nesi amesimama mbele ya benchi la wanawake, ameshika mwanasesere wa kitambaa. Mama akamwendea moja kwa moja, akamuuliza, "Mwanangu, somo ni wewe?" Nesi naye, hana hili wala lile, akajibu, "Ndiyo mama, leo somo ni langu." Ikawa kheri. Mama alimfunika yule binti kwa kanga kuanzia kichwani, akapiga vigelegele, na wanawake wa Mchinga, wanavyojua kuchochea, wakampokea. Nesi amebaki ndani ya kanga, mwanasesere kwapani, anauliza kwani leo kuna sherehe gani.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, nikawa nalia mbele za watu. Nilikulilia wewe, Somo, kuliko nilivyokulilia siku ya mazishi. Nesi alipoelezwa, hakutucheka. Aliikunja kanga vizuri, akasema yeye haruhusiwi kupokea zawadi, ila tuitunze iwe ya kumpokelea mtoto. Kisha akaendelea kufundisha na mwanasesere wake, namna ya kumshika mtoto na kumnyonyesha. Mimi nilikuwa bado nafuta kamasi. Sikusikia hata nusu.

Kuzaa kwenyewe nitakusimulia siku nyingine kwa urefu wake. Kwa kifupi, nilitoka vizuri. Mwili ulijua kazi yake, na wakunga wa kituo walikuwa nami tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto alipotoka akalia kwa hasira, wakamfunga kwenye ile kanga ya mama, wakaniwekea kifuani. Msichana. Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye mashamba ya chumvi, miguu bado ina chumvi hadi magotini, akasimama mlangoni anatutazama. Nilijiona jike la simba.

Usimba ulidumu mpaka tulipofika nyumbani. Mtoto akakataa kunyonya. Si kwamba hataki, anataka sana, lakini anashika chuchu kwa ncha ya mdomo, anaiuma kwa fizi, anaiachia, analia. Chuchu zikachanika. Nikawa nikisikia anaamka mwili unanisisimka kwa hofu. Nesi alishatuambia yale maziwa mazito ya mwanzo yanamtosha, asipewe kingine chochote, lakini shangazi, dada yake baba, alikuwa amekaa mkekani anapima macho ya mtoto na kusema anakauka. Akakoroga maji ya sukari kwenye kikombe, akampa mama aniletee. Akasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza: "Mwanangu, si kila mwanamke ana maziwa."

Mama akakiweka kikombe kando ya kitanda. Hakusema nimpe, hakusema nisimpe. Akatoka akaenda uani. Somo, pale ndipo nilipokuita. Nilikuita kwa sauti, peke yangu na mtoto, nikasema njoo basi, tumbo lilikua mpaka likatoka, uliahidi.

Hukuja. Kilichokuja ni mlio wa mbuzi yako ya kukunia nazi.

Sikukuambia kwamba baada ya hitima binti zako waliniletea hiyo mbuzi, wakasema ulishasema zamani kwamba iwe yangu. Mama ndiye anayeitumia sasa. Ule mguu wake mfupi bado unagonga chini, ko, ko, ko, kila nazi inaposukumwa. Nikageuza shingo nikamwona mama kwa mlangoni, amekaa juu yake, mgongo umenyooka kama wako. Na mimi nimekaaje? Nimejikunja juu ya mtoto, mabega yamepanda mpaka masikioni, namsukumia ziwa mdomoni kama anayeziba tundu la mtumbwi.

Nikakumbuka zile wiki zangu za uali. Kila asubuhi ulinikalisha kwenye mbuzi hiyo na rundo la nazi, na nilikuwa nanung'unika kwamba umepata mfanyakazi wa bure. Nikiinama, unanigonga mgongoni kwa mwiko. "Kaa wima. Wewe usiiendee nazi. Nazi ndiyo ije." Nikiharakisha, unasema nivute pumzi kwanza, nazi haina miguu, haikimbii. Ulisema hivyo mara ngapi? Nilifika pahali nikawa nakuigiza kwa wenzangu, wanacheka.

Basi nikaegemea ukuta. Nikanyoosha mgongo, nikashusha mabega. Nikampakata mtoto tumbo kwa tumbo, nikamshika mabega na shingo, kichwa nikakiacha huru. Nikavuta pumzi. Nikasubiri mpaka amefungua mdomo wote, ule wa kulia, kisha sikumwendea. Nikamleta.

Akashika. Akashika kweli kweli, mdomo umejaa, kidevu kimezama. Nikasikia anameza. Wakati huo mama alikuwa amesimama mlangoni na kifuu mkononi, na safari hii hakukumbuka nguo za kuanua. Alikaa kitandani kando yangu akatazama mpaka mtoto akajiachia mwenyewe. Kisha akakichukua kile kikombe, akaenda kumimina maji ya sukari kwenye mgomba, shangazi akiona. Kwa mama yangu, hiyo ni hotuba ndefu.

Siku hizi mambo yamebadilika, Somo. Mama ananiongelesha. Anaanza kwa kukohoa, anatazama pembeni, lakini anasema. Juzi kaniambia hata mimi nilikataa kunyonya mwanzoni, na kwamba ni wewe uliyekaa naye ukamwonyesha. Hukuwahi kunigusia. Nesi naye alipita nyumbani kututazama, akaona mtoto anavyonyonya, akauliza ni nani kanifundisha kumshika vizuri hivyo. Nikamjibu, "Somo." Akafurahi sana, akidhani ni lile lake. Sikumsahihisha. Kwanza hata lake lilikuwa hilo hilo, ni mimi tu sikulisikia kwa kulia.

Siku ya kutoa jina, mume wangu alinigeukia akasema nichague mimi. Nikataja lako. Unajua sijawahi kulitamka maisha yangu yote. Mtu hamwiti somo yake kwa jina, na hata watu wazima wakiniuliza ni nani aliyenifunda, nilikuwa nasema ni Somo, basi, wakijua wajue. Siku hiyo lilitoka kinywani likiwa zito kama nimebeba ndoo. Mama akashtuka kidogo, kisha akatoa ufumbuzi wa watu wa kwetu: akiwa amebeba jina la mtu wa kuheshimiwa, aitwe Somoe. Sasa nyumba nzima inamwita Somoe, mpaka wauza samaki wanaopita. Ninyi wawili sasa ni wa jina moja, somo yake ni wewe. Mimi niliyekuwa wako nimepitwa na mtoto asiye na meno.

Lakini tukiwa wawili namwita kwa jina lenyewe. Nimejizoeza. Mwanzoni nilinong'ona, sasa nalisema sawasawa, na siku nikimgombeza kwa jina hilo usinune huko uliko, si wewe ninayemsema.

Nakuahidi kitu. Arobaini ikiisha nitamleta kwako, nimwonyeshe mlango ulionirudishia. Na akikua nitamweka kwenye mbuzi yako, atanung'unika, ataniigiza kwa wenzake, nitamgonga mgongoni kwa mwiko. Akiniuliza mambo ya kuzaa sitamwambia bado. Nitamwambia yote, kisha nitampa nazi nyingine akune.

Mungu akulaze pema, Somo yangu. Hukuondoka na changu chochote. Nasikia anaguna, ameamka, na hasira yake mnaijua ninyi wenye jina. Naacha kalamu. Nakwenda kukaa wima, nivute pumzi, nimwite Zainabu, aje.